Maswali ya Wasomaji: Sola kwa Bwawa la Uani na kwa Nyumba

SWALI: Ndugu Mtaalamu, pole na kazi. Ninaishi Goba, na nyuma ya nyumba nina bwawa la zege la mita 4 kwa 6, lenye kina cha mita 1.2, ambamo nimepandikiza perege 400. Mwezi uliopita umeme ulikatika saa 4 usiku na haukurudi mpaka asubuhi. Nilipoamka nilikuta samaki wanahema juu ya maji, na baadhi yao wamekwisha kufa. Fundi mmoja amenishauri nifunge paneli mbili za wati 200, betri moja ya maji ya volti 12 na Ah 200, pamoja na inveta, akisema kwamba hiyo itatosha bwawa na nyumba yenye friji, feni mbili, televisheni na taa nane. Je, ni kweli? (Mama wa watoto watatu, Goba)

JIBU: Mama, pole sana kwa hasara ya samaki. Mfumo huo hautatosha, na utaishiwa nguvu katika saa zilezile ambazo samaki wanauhitaji kuliko saa nyingine yoyote.

Mchana, mwani unaoyapa maji ya bwawa rangi ya kijani hutengeneza oksijeni kwa msaada wa mwanga wa jua, kwa hiyo samaki hupumua bila shida hata pampu ya kupuliza hewa majini ikiwa imezimwa. Jua likizama, mwani huohuo huanza kuitumia oksijeni pamoja na samaki, na pamoja na bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula chini ya bwawa, hivyo kiwango chake hushuka usiku kucha na kufikia chini kabisa muda mfupi kabla ya mapambazuko. Joto la Dar es Salaam halisaidii, kwa kuwa maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto: kwenye nyuzi joto 30, lita moja ya maji yasiyo na chumvi hubeba takriban miligramu 7.5 tu hata ikiwa imejaa kabisa, na perege hustawi pale ambapo miligramu 4 au 5 zimebaki. Kwa hiyo bwawa lako ni mtumiaji wa umeme wa usiku, na swali la kumuuliza fundi kabla ya kuhesabu paneli ni betri itabaki na kiasi gani saa 11 alfajiri.

Hebu tufanye hesabu ya fundi wako. Betri ya volti 12 na Ah 200 (ampia-saa, kipimo cha akiba ya betri) ina wati-saa 2,400, lakini betri ya maji haifai kushushwa chini ya nusu ikiwa unataka idumu, kwa hiyo unabaki na wati-saa 1,200, yaani uniti 1.2 kwa lugha ya LUKU, na inveta, yaani kifaa kinachobadili umeme wa betri kuwa wa volti 230, nayo hula sehemu yake. Taa nane za wati 9, televisheni ya wati 80, friji, feni na pampu za hewa zikianza kazi kuanzia jioni, akiba hiyo itakwisha kabla ya saa 6 usiku. Paneli zenyewe, kwa mwezi wa mawingu kama Aprili, zitavuna takriban uniti 1.1 kwa siku baada ya kutoa upotevu wa joto, vumbi, nyaya na betri, wakati mahitaji yako yote, kwa makadirio yangu, ni uniti 4.7 hivi ukijumlisha na pampu ya kisima, kama unayo, inayofanya kazi saa moja kwa siku. Sidhani kwamba fundi alikusudia kukudanganya. Wengi huhesabu vifaa vya nyumbani na kuliona bwawa kama taa moja ya ziada.

Ushauri wangu ni kulitenganisha bwawa na nyumba: lipate paneli yake, betri yake na pampu zake za umeme wa moja kwa moja wa volti 12, bila kupitia inveta. Nasisitiza jambo hili kwa sababu inveta ya nyumbani ina mabwana wengi. Mgeni akichomeka pasi ya wati 1,500 saa 5 usiku, au mtoto akiwasha birika la umeme, inveta itajizima kwa kuzidiwa, watu watalala wakidhani ni TANESCO, na samaki ndio watakaolipa. Mfumo uliotengwa hauna pasi wala birika.

Kwa samaki 400 wanaokaribia gramu 300 kila mmoja, yaani kilo 120 za samaki, nakadiria pampu mbili za hewa za wati 40 zenye mawe ya kutoa mapovu madogo, zikifanya kazi kuanzia saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi. Hizo ni wati 80 kwa saa 11, jumla wati-saa 880. Betri ya lithiamu, ile ya chuma na fosfeti, ya volti 12.8 na Ah 100 ina wati-saa 1,280 na inaruhusu kutumia hata asilimia 80 au zaidi bila kuumia, kwa hiyo inavuka usiku mmoja ikiwa na akiba kidogo. Paneli moja ya wati 450 inatosha kuijaza hata siku za mawingu ya kawaida, kwa sharti kwamba kontrola ya chaji, yaani kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, iwe ya aina ya MPPT, inayoshusha volti za paneli bila kupoteza nguvu. Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha: paneli kubwa za siku hizi hufanya kazi kwenye volti 40 hivi, na ukiiunganisha na betri ya volti 12 kupitia kontrola ya bei rahisi ya aina ya PWM, isiyoweza kufanya hivyo, karibu theluthi mbili ya nguvu ya paneli inapotea bila mtu kuona dalili yoyote.

Betri na pampu za hewa viwekwe kwenye kibanda chenye kivuli karibu na bwawa. Kwenye volti 12 umeme hauvumilii safari ndefu. Waya wa milimita 2.5 wenye urefu wa mita 20 kutoka nyumbani utapunguza karibu volti 2 kabla ya kufika kwenye pampu, ilhali hewa inaweza kusafiri kwenye mpira bila hasara ya maana. Pampu ikae juu kuliko usawa wa maji, au mpira uwekewe vali ya kuzuia maji kurudi nyuma, la sivyo siku pampu itakapozimika maji yatapanda kwenye mpira na kuiharibu.

Hata hivyo, ingekuwa bwawa ni langu, ningeanza na samaki kabla ya kufika dukani Kariakoo. Perege 400 kwenye mita za mraba 24 ni karibu 17 kwa kila mita, wakati bwawa lisilo na pampu ya hewa kwa kawaida hubeba 2 hadi 4. Ukibaki na 80 au 100, chakula kinachooza kitapungua, na pampu ya hewa itakuwa kinga ya usiku mbaya badala ya kuwa mashine ya kuwahifadhi hai kila siku. Njia nyingine ni kufuga kambale, ambaye ana kiungo maalumu cha kuvuta hewa ya juu ya maji na ndiyo maana humwona akipanda na kushuka. Ila vifaranga wake wadogo bado hutegemea matamvua kwa wiki za mwanzo, na usimchanganye kambale na perege wadogo, kwa sababu atawatafuna.

Nyumba yako, bwawa likishatolewa, inabaki na uniti 3.8 kwa siku, ambazo zinahitaji paneli tatu za wati 450 na betri ya lithiamu ya uniti 5 hivi, saizi inayopatikana kwa urahisi. Paneli zielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na katika miezi ya masika, ambapo jua ni haba, jua lenyewe hupita upande wa kaskazini. Mwinamo huo pia huwezesha mvua kuosha vumbi. Kagua kenchi kabla ya kupandisha chochote, maana paneli moja ya ukubwa huo ina uzito wa kilo 20 na zaidi, na kama kuna mwembe wa jirani unaotupa kivuli saa 9 alasiri, usiufumbie macho, kwa sababu kivuli cha tawi moja kwenye paneli moja kinaweza kuzipunguza nguvu zote zilizoungwa kwa mfululizo.

SWALI: Mimi niko Kigamboni, si mbali na bahari. Nina kisima cha mita 20 na nataka kuvuta maji kwa jua, kiasi cha lita 3,000 kwa siku, kwa ajili ya bwawa na matumizi ya nyumbani. Nimeambiwa kwamba bila betri pampu haiwezi kufanya kazi. Pia maji ya kisima chetu yana chumvichumvi. (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Huna haja ya betri kwa kazi hii. Nunua tangi kubwa zaidi kwa fedha ambazo ungenunulia betri, kisha acha pampu ya sola ivute maji jua linapowaka na inyamaze linapofichwa na wingu. Maji yaliyokwisha kupanda mnarani yatashuka yenyewe usiku. Kupandisha lita 1,000 kwa mita 10 kunahitaji wati-saa 27 kwa hesabu ya fizikia, na kwa pampu ndogo zenye upotevu wake zidisha mara tatu au nne. Kisima chako cha mita 20 na mnara wa mita 5 vinafanya mita 25, kwa hiyo lita 3,000 zitakula uniti 0.6 hadi 0.8. Paneli mbili za wati 300 zinatosha, mradi pampu yenyewe iwe imetengenezwa kwa umeme wa paneli au iwe na kidhibiti chake. Ukilazimisha pampu ya kawaida ya nusu farasi kwenye inveta, kumbuka kwamba inapowaka huvuta nguvu mara kadhaa ya ile iliyoandikwa kwenye kibati chake, na inveta ya wati 500 haitaihimili. Weka floti mbili, moja tangini ya kusimamisha pampu likijaa, na nyingine kisimani ili pampu isizunguke kavu.

Kuhusu chumvi, perege huivumilia kuliko kambale, kwa hiyo chagua samaki kufuatana na maji yako, na ujaribu wachache kwanza. Maji ya kisima huwa na oksijeni kidogo yanapotoka ardhini; yaache yaanguke kwa kutawanyika juu ya bwawa badala ya kuyaingiza chini kwa bomba. Maji ya DAWASA yana klorini, nayo yakae tangini wazi siku moja au mbili kabla ya kukutana na samaki. Hewa ya bahari, kwa upande wake, hula vyuma haraka: dai reli za alumini na bolti za chuma kisichoshika kutu, na funika kila kiungio cha waya. Bolti za kawaida zilizopakwa rangi ni fedheha ya miaka miwili.

SWALI: Kwa kuwa sola imeshuka bei, je, niikate kabisa TANESCO? Nina bwawa dogo la kambale na nyumba ya vyumba vitatu. (Mwalimu mstaafu, Kimara)

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Mimi nisingeikata. Mtambo wa Julius Nyerere katika Mto Rufiji, wenye uwezo wa megawati 2,115, umepunguza ule mgao tuliouzoea, ingawa kukatika kwa umeme mtaani kwa ajili ya matengenezo, nguzo au transfoma hakujaisha. Kujitegemea kabisa kunakulazimu ununue betri za kuvusha siku tatu au nne za mvua za masika, na betri hizo zitakaa bila kazi miezi mingi ya mwaka. Inveta mseto, inayotumia jua kwanza, kisha betri, kisha TANESCO, inakupa faida karibu yote kwa gharama ndogo zaidi.

Angalia pia bili yako. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, ambayo ikiongezwa kodi na tozo hufika kama 356, nyumba inayotumia uniti 140 kwa mwezi hulipa karibu shilingi 50,000. Hiyo ndiyo akiba unayoweza kuilinganisha na gharama ya mfumo. Aliye kwenye daraja la matumizi madogo, anayelipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75, hatapata faida ya fedha kwa kufunga sola, isipokuwa utulivu wa usiku na usalama wa samaki.

Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na umuulize mambo mawili. La kwanza, ni swichi gani itakayozuia umeme wa inveta usirudi kwenye laini ya TANESCO inapokatika, kwa sababu anayekarabati nguzo huko nje anaamini kwamba waya hauna kitu. La pili, vifaa vyote vya bwawani vinavyotumia volti 230 viwe na waya wa ardhi na swichi inayokata umeme unapovuja miliampia 30, na mtu yeyote asiingize mkono majini kabla ya kuvizima.