Kazi za Shule Zinaninyima Usingizi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 16. Ninasoma masomo tisa, na karibu kila mwalimu hutoa kazi ya nyumbani kana kwamba somo lake ndilo pekee. Jumanne iliyopita nilipewa mazoezi ya hisabati, insha, ripoti ya maabara na muhtasari wa sura nzima ya historia, huku mradi wa jiografia, ambao alama zake huingia katika matokeo ya mwisho, ukinisubiri. Nililala saa nane usiku. Asubuhi mwalimu wa kemia aliniuliza jambo lililomo katika ripoti niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, nami sikuweza kujibu. Mama husema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimeinama, Mwalimu, hadi mgongo unauma. Je, mimi ni mvivu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mvivu hakeshi hadi saa nane usiku akiandika ripoti ya maabara. Kilichokupata katika kipindi cha kemia ni kwamba mkono uliendelea kuandika ilhali akili ilikwisha kulala. Kijana wa umri wako anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na usingizi huo si anasa, kwa kuwa ndani yake ubongo huimarisha yale uliyojifunza mchana; anayeupunguza ili asome zaidi hupoteza sehemu ya kile anachokisomea.

Wingi wa kazi nao una mpaka wake. Takwimu za mwaka 2012 za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo la nchi nyingi tajiri, zilizohusu wanafunzi wa miaka 15 katika nchi nyingi, zilionyesha wastani wa saa 5 hivi za kazi za nyumbani kwa wiki, na kwamba zikishapita saa 4 hivi, muda wa ziada huongeza kidogo sana katika ufaulu. China, nchi isiyojulikana kwa kudekeza wanafunzi, iliagiza mwaka 2021 kwamba kazi za maandishi za nyumbani kwa wanafunzi wa sekondari ya chini zisizidi dakika 90 kwa siku.

Walimu wako huenda hawana nia mbaya. Nami nilifundisha historia kwa miaka mingi, nikatoa mihtasari ya sura nzima bila kuuliza hata mara moja wenzangu wametoa nini siku hiyo. Kwa hiyo usiende kulalamika kwamba kazi ni nyingi, maana neno hilo kila mwalimu amekwisha kulisikia. Chukua daftari, na kwa wiki moja andika kila kazi, siku iliyotolewa, siku ya kukusanywa na dakika ilizokuchukua, bila kuhesabu zile ulizokuwa ukichezea simu. Ikiwa Jumanne hisabati ilikula dakika 70, insha 90, ripoti 60 na muhtasari 50, basi hizo ni saa nne na nusu baada ya siku nzima ya masomo, na mradi haujaguswa. Mpelekee mwalimu wa darasa ukurasa huo ukiwa na mama yako, mkamwombe jambo moja tu: walimu wapangiane siku za kukusanya kazi kubwa.

Wakati mkisubiri jibu, acha kunakili sura. Isome, ifunge, kisha andika unachokumbuka. Utatumia muda mfupi zaidi, na kitakachobaki kichwani kitakuwa kingi zaidi. Mradi uukate vipande, ufanye kimoja kila mwisho wa wiki.

Jiwekee pia saa ya kuweka kalamu chini, tuseme saa nne usiku. Kazi isipokwisha, piga mstari pale ulipofikia, andika saa, na mama atie sahihi. Mwalimu mmoja au wawili watakasirika. Waonyeshe daftari.