Maswali ya Wasomaji: Chura Mdogo Anayezaa Kwenye Msitu wa Mawingu

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, Morogoro. Tulipopanda Uluguru, kiongozi wetu alituonyesha chura mdogo kuliko kidole gumba akiwa juu ya jani, akasema chura yule hatagi, anazaa. Kitabu cha baiolojia kinasema chura hutaga majini na mayai huwa viluwiluwi. Nani yuko sahihi?

Marahaba. Kitabu kinaeleza vyura walio wengi. Kiongozi wenu alikuwa anaeleza kundi liitwalo Nectophrynoides, lenye aina zaidi ya kumi, na zote zinaishi Tanzania tu. Mjerumani Gustav Tornier alitangaza mwaka 1905 kwamba wapo vyura wa huku wanaozaa. Wengine ni wakubwa kiasi: jike wa Nectophrynoides viviparus hufika sentimita 6. Wengine ni wadogo sana. Nectophrynoides minutus wa huko Uluguru hafiki sentimita 2.5 akiwa mtu mzima.

Dume humkumbatia jike, tundu zao zikakutana, mbegu ikaingia, maana dume hana uume. Mayai hurutubishwa ndani na kubaki kwenye mirija ya mayai. Kila yai lina kiini kikubwa, na mtoto hutumia kiini hicho mpaka miguu iote na mkia unywee. Anapotoka ni chura kamili. Watoto wa chura wa Kihansi, mmoja wa kundi hili anayetoka kwenye bonde la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, huzaliwa wakiwa na urefu wa milimita 5 hivi, na kabla ya hapo unaweza kuwaona kupitia ngozi nyembamba ya tumbo la mama yao. Usichanganye hao na ndugu yao wa mlima Nimba, Guinea. Yule hubeba mimba karibu miezi 9 na kuwalisha watoto tumboni kwa ute. Hawa wa kwetu hutegemea kiini peke yake.

Kwa nini wazae? Maelezo tunayoyaona kuwa na nguvu zaidi yako kwenye mlima wenyewe. Upepo wa Bahari ya Hindi hupanda milima ya Tao la Mashariki, Uluguru ikiwemo, hupoa, hugeuka ukungu na mvua. Lakini mteremko ni mkali: maji hukimbia, madimbwi yaliyotulia ni haba, na kiluwiluwi kwenye kijito cha namna hiyo angesombwa. Mama anayebeba watoto wake tumboni hahitaji dimbwi. Anachohitaji ni hewa yenye unyevu kila siku, kwa sababu ngozi yake haizuii maji kutoka mwilini.

Hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996, aliishi kwenye eneo la hekta chache tu lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme, na manyunyu yakapungua. Mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa, vyura 499 wakapelekwa Marekani wazalishwe huko. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa ametoweka porini. Walianza kurudishwa bondeni mwaka 2012.

Kikundi chetu cha kupanda milima, Dar es Salaam, kinataka kuwaona vyura hawa usiku. Tufanyeje tusiwadhuru?

Anzeni na kibali. Misitu mingi ya aina hii iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Pitieni ofisi yao ya wilaya na mwende na kiongozi wa eneo. Kumshika, kumbeba au kuchukua sampuli kunahitaji vibali vya utafiti, kwa hiyo ninyi mnaangalia tu.

Kazi kubwa ni viatu, na mnaifanya kabla ya kuondoka nyumbani. Kuna kuvu aina ya kitridi inayoua vyura, nayo husafiri ndani ya tope bichi. Ilikutwa Kihansi mwaka 2003, idadi ya vyura ilipoporomoka. Chura hupitisha maji na chumvi kwenye ngozi. Kuvu ikiivamia, chumvi za mwilini huvurugika na moyo husimama. Kwa hiyo vaeni gambuti za mpira, si buti za ngozi zenye nyuzi na mikunjo. Sugueni kwa brashi na maji mpaka mifereji ya soli iwe safi kabisa. Kisha changanyeni kikombe 1 cha Jiki (someni lebo, iwe na klorini asilimia 3.5 hivi) na vikombe 2 vya maji, na mloweke soli dakika 15. Suuzeni, anikeni juani zikauke kabisa. Maji machafu mwageni mbali na kijito.

Wengi hukosea kwa kumwaga dawa juu ya tope. Tope hula klorini, na kuvu iliyo katikati hubaki hai. Kosa la pili ni kutumia mchanganyiko wa juzi, ambao nguvu yake imepungua. Mkitoka mlima mmoja kwenda mwingine, rudieni yote.

Msituni, tembeeni njiani kwa safu moja. Vyura hawa wadogo hulala juu ya majani ya mimea mifupi, mara nyingi chini ya usawa wa kiuno, kwa hiyo anayeiacha njia anawakanyaga au kuwaangusha. Mulikeni kwa tochi hafifu, kwa muda mfupi. Msipindue magogo.

Nalima iliki Turiani, ukingoni mwa msitu. Sikati miti mikubwa kwa kuwa iliki hutaka kivuli. Kwa nini bwana misitu anasema bado naharibu?

Kwa sababu chura huyu haishi kwenye mti mkubwa. Anaishi kuanzia kiunoni mwako kushuka chini: vichaka, magogo yenye ukoga, majani yanayooza. Unapofyeka chini ili kupanda iliki, miti inabaki lakini nyumba yake imeondoka, na upepo unaopita chini hukausha udongo. Ndani ya hifadhi hatuoni namna ya kulima iliki bila madhara.

Shambani kwako, nje ya mpaka, yapo ya kufanya. Palilia kuzunguka shina tu, acha majani makavu yalale. Gogo lililoanguka liache lioze. Usichome moto. Dawa ya magugu usiipeleke karibu na kijito, na kumbuka sheria inazuia shughuli ndani ya mita 60 za chanzo cha maji.

Niko Nairobi. Je, Churamiti maridadi ni jina la kisayansi kweli? Na nikienda Taita nitamwona?

Ni jina rasmi, lililotolewa mwaka 2002 kwa chura wa mitini wa milima ya Ukaguru, Tanzania. Lilitungwa kwa Kiswahili makusudi. Chura huyo ni adimu mno na yumo kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka.

Taita humpati. Lakini milima ya Taita ina chura wake, Callulina dawida, aliyepewa jina la watu wa huko mwaka 2009. Si ndugu wa hawa wanaozaa: yeye hutaga nchi kavu. Masharti ya gambuti ni yaleyale.