Asilimia mbili zetu ziko wapi?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani kijijini mkoani Lindi, natembelea magongo tangu utotoni. Kila kiongozi anayepanda jukwaani hapa kwetu anasema hakuna atakayeachwa nyuma. Niliomba mkopo wa halmashauri ninunue cherehani ya umeme, maana ya kukanyaga imenishinda. Nikaambiwa nikaunde kikundi kwanza. Wenye ulemavu ninaowafahamu hapa ni mzee asiyeona, kijana kiziwi na binti mwenye ualbino ambaye yuko shule. Tufanye biashara gani sisi? Hilo fungu letu lipo kweli, au ni maneno ya jukwaani tu?

Fundi, Lindi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Fungu lipo, tena kisheria. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Basi usiingie ofisi ile kama mwenye kuomba hisani.

Tatizo ni hayo mapato ya ndani. Halmashauri inayokusanya shilingi bilioni 2 kwa mwaka itapata milioni 40 za watu wenye ulemavu wa wilaya nzima. Jiji linalokusanya bilioni 50 litapata bilioni 1. Yaani ukizaliwa wilaya maskini, hata haki yako inakuja nyembamba, na ndiko ilikohitajika zaidi. Kisha 2023 mikopo yote ikasimamishwa kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, mkasubiri hadi 2024, hata ambao hawakuwahi kukopa senti.

La kikundi ndilo linaloniuma. Wanawake wa mtaa mmoja tayari wana vikoba vyao, wanajuana, wanadhaminiana. Ninyi mmetawanyika, kila mmoja na ulemavu wake na kazi yake. Kinachowakutanisha ni fomu. Tena mkopo hurudishwa. Mkalimani wa lugha ya alama au mafuta ya ngozi ya binti huyo hayaleti faida ya kulipia marejesho. Msaada unaokuja kwa sura ya mkopo pekee unamfikia aliyekwisha kusimama. Umeniuliza, nami nasema wazi: ahadi ya jukwaani ni kubwa kuliko kilichowekwa mezani.

Lakini usikate tamaa na cherehani yako. Rudi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwombe akuoneshe kanuni zinazotumika sasa. Zimerekebishwa tangu zile za 2019, kwa hiyo soma mwenyewe sharti la idadi ya waombaji wenye ulemavu. Kauli ya mdomo isikutoshe. Maombi yako yawe ya maandishi, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Halafu mwone diwani wako kabla ya baraza la robo mwaka. Aulize humo ndani: mwaka jana asilimia mbili ilikuwa shilingi ngapi, na zilitoka kwenda kwa nani? Wakikukatalia, wadai sababu kwa barua, unitumie nakala yake.