Mtini Wangu Umekauka, Niung'oe?

*Shikamoo mzee. Nina mtini wa miaka minne, nimeupanda ardhini na umeshanipita kimo. Baridi iliyopita kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 14 chini ya sifuri, nami sikuwa nimeufunika. Sasa miti yote ya jirani imevaa majani, wangu ni vijiti vitupu. Jirani ananiambia niung'oe nipande mwingine. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Jembe lirudishe stoo. Mtini ni mchelewaji kwa tabia: hata ambao haukuguswa na baridi huamka wakati miti mingine ya matunda imeshachanua. Ulioumia unaweza kukaa kimya hadi mwanzo wa kiangazi ndipo utoe jicho la kwanza, yaani kichomozo cha jani. Jirani yako anaupima kwa kalenda ya miti yake.

Anza na ukucha. Kwaruza gome karibu na ncha ya tawi, padogo tu, kiasi cha punje ya mchele. Ukiona rangi ya kijani na unyevunyevu, tawi li hai. Ukikuta kahawia kavu, shuka kidogo ukwaruze tena, hadi ukute kijani au ufike ardhini. Hapo penye kijani funga uzi, halafu mkasi uuweke mfukoni. Najua subira inauma, lakini mpaka kati ya sehemu iliyokufa na iliyo hai hujionyesha wenyewe macho yakishafunguka. Anayekata mapema hukisia, na kukisia kunaweza kukugharimu nusu mita ya tawi lililo hai.

Nisikufiche, kwa nyuzi 14 chini ya sifuri bila kifuniko, huenda ukashuka hadi ardhini bila kukuta kijani. Mtini uliokomaa na kulala vizuri huvumilia kiasi cha nyuzi 9 hadi 12 chini ya sifuri; vitawi laini huanza kuumia kwenye nyuzi 5 tu chini ya sifuri. Mizizi ina hesabu yake, maana udongo unaikinga. Na hapa mtini una bahati ambayo mpichi hauna. Mpichi huunganishwa juu ya shina la mti mwingine, kwa hiyo chipukizi linalotoka chini si la tunda ulilonunua. Mitini mingi huoteshwa kwa vipandikizi, yaani vipande vya tawi vinavyochomekwa udongoni, haiunganishwi. Kitakachochomoza kutoka mizizini ni mtini wako uleule.

Tena vitachomoza vingi mno! Chagua vitatu hadi vitano vilivyo imara na vilivyoachana nafasi, vingine vivunje vikiwa bado laini. Hapo ndipo unakata matawi makavu, ukifika penye uhai unasimama. Vaa glavu na mikono mirefu. Utomvu mweupe wa mtini ukigusa ngozi kisha jua likaipiga, unaweza kubabuka vibaya.

Kuhusu tini za mwaka huu: aina nyingi huzaa mara mbili. Uzao wa kwanza hutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita, huo umekwenda na baridi. Uzao wa pili hutoka kwenye matawi mapya, na kuiva kwake kunategemea kiangazi chako kina urefu gani. Ndiyo maana watu wa nchi za baridi wanaipenda aina ya Chicago Hardy, ambayo ikiungua hadi chini inaweza kurudi na kuzaa mwaka uleule. Chipukizi zikifikisha majani matano au sita, finya ncha zake, mti uache kurefuka ushughulikie matunda. Mboji kidogo juu ya udongo inatosha. Usiumwagie mbolea ya naitrojeni kwa huruma, utapata majani mapana ya kupendeza na tini zitakazokutwa na baridi zikiwa ngumu. Tini ikichumwa mbichi haiivii kabatini.

*Mzee, mwaka jana nilijitahidi, nikauviringishia mtini wangu nailoni tabaka tatu kuanzia juu hadi chini. Nilipoufungua nikakuta matawi yameota ukungu na gome limetafunwa karibu na ardhi. Tatizo ni nini?*

Nailoni na panya, ndugu yangu. Jua la mchana likipiga nailoni, ndani kunapata joto na mvuke unatua kwenye matawi; usiku maji hayohayo yanaganda. Isitoshe, joto hilo hudanganya macho ya mti yakaanza kuamka wakati theluji bado ipo nje. Mtini unahitaji kukingwa na upepo na kulindwa ubaki usingizini. Kuupasha joto ni kuuamsha.

Subiri majani yapukutike. Fungasha matawi taratibu kwa kamba, ukiyavuta kuelekea katikati bila kuyalazimisha. Zungushia waya wa kuku, jaza ndani majani makavu au nyasi kavu, kisha viringisha magunia kwa nje. Juu pindua ndoo au funga kipande cha turubai ili mvua na theluji visiingie, lakini ubavuni gunia lipumue. Kuzunguka shina mwaga matandazo, yaani majani au nyasi kavu za kufunika udongo, kimo cha sentimita 30 hivi. Kama huna muda wa kazi yote hiyo, fanya hili la matandazo tu. Matawi yakifa, shina la chini na mizizi vitakuokoa.

Kwa panya, tumia wavu wa matundu madogo kuzunguka shina, chini uufukie kidogo ardhini. Matandazo yasigusane na gome, maana panya anataka mahali pa kujificha huku akila.

Wapo wanaokata mizizi ya pande mbili, wakaulaza mti mzima kwenye handaki na kuufunika kwa mbao na udongo. Njia hiyo inafanya kazi pale penye baridi kali kweli. Mimi siipendi, mgongo wangu nao hauipendi.

Maandalizi yenyewe huanza kiangazi bado hakijaisha: acha mbolea ya naitrojeni, na majani yakianza kuwa manjano punguza maji, ili vitawi vikomae vikiwa vigumu. Tini mbichi kubwa zilizobaki zitoe zote, hazitafika mbali. Vile vidonge vidogo kabisa kwenye ncha viache, ndivyo vinavyoweza kuwa uzao wa kwanza mwakani.

Kufungua nako kuna utaratibu. Baridi kali ikishapita, ondoa tabaka moja, baada ya siku kadhaa jingine, na la mwisho ulitoe siku yenye mawingu. Magunia yaache karibu. Usiku mmoja wa jalidi, ile baridi ya kugandisha umande, huua chipukizi ambazo matawi yake yalivuka miezi yote salama.

*Mtini wangu uko kwenye chungu. Niliuingiza sebuleni, na katikati ya baridi ukatoa majani membamba yaliyopauka. Ni ugonjwa?*

Si ugonjwa, umeunyima usingizi. Sebule ina joto la kuuamsha ila haina mwanga wa kuulisha. Mwaka ujao uache nje hadi upukutishe majani, kisha upeleke gereji au stoo isiyo na kipasha joto, penye nyuzi kati ya 0 na 7 hivi. Giza halina neno, kwa kuwa hauna majani. Maji ni kikombe kimoja mara moja kwa mwezi, udongo usikauke kabisa wala usiloe.

Kwa sasa majani hayo yaache, uusogeze kwenye dirisha lenye mwanga mwingi. Usiku wa jalidi ukiisha, utoe nje kivulini saa chache kila siku kwa wiki moja au mbili kabla ya kuuweka juani. Majani yaliyopauka yakiungua yakadondoka, usishtuke, mengine yatakuja.