Maswali na Majibu: Herufi nne za hulka yako

Ndugu washauri, nilijaza dodoso la haiba nikaambiwa mimi ni INFJ. Baada ya mwezi nikarudia, nikawa INTJ. Mimi ni yupi kati ya hawa? Na herufi zenyewe maana yake nini?
*Msomaji mwenye majina mawili*

Tuanze na herufi. I ni mtu ambaye mawazo yake huiva akiwa peke yake, na umati humchosha hata kama ameufurahia; kinyume chake ni E. N hukimbilia maana ya jumla na yatakayofuata kabla hajahesabu vilivyo mbele yake; kinyume chake ni S. Ni umaizi, kwa Kiingereza intuition, ila iliandikwa N kwa sababu tu I ilikuwa imeshachukuliwa. F na T zinaonyesha unaamua kwa kutazama kipi kwanza, watu au hoja. J hupenda jambo lifungwe, P huliacha wazi. Mzizi wa yote ni kitabu cha Carl Jung cha mwaka 1921. Wamarekani wawili, Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, ndio walioigeuza nadharia hiyo kuwa dodoso hili, MBTI, lenye aina 16, wakaongeza J na P.

Sasa, kubadilika kwako. Kosa si lako, ni la kisu: dodoso hukata katikati. Tuseme maswali ya F na T ni 21. Ukijibu 11 kwa F na 10 kwa T, unaitwa F. Mwezi ujao ukibadili jibu moja tu umeshakuwa T, na ukurasa mzima wa sifa umegeuka ilhali wewe ni yuleyule.

Kwa hiyo acha herufi, soma alama za kila jozi. Jozi iliyo karibu na nusu kwa nusu usiitilie jina. Ukirudia, jibu kwa mazoea yako ya mwaka mzima, si ya wiki uliyogombana na mtu, wala kwa jinsi unavyotamani kuonekana kazini. Kisha mwombe anayekufahamu vizuri akujazie bila kuona majibu yako. Mnapotofautiana ndipo penye habari.

Na usihangaike sana: kwa nadharia hiyo INFJ na INTJ ni ndugu wa karibu, wote huongozwa na umaizi wa ndani. Walio mbali kuliko wanavyoonekana ni INFJ na INFP, kwa kuwa INFP huongozwa na hisia zake, na umaizi wake hutazama nje. Maelezo mengi huwachanganya hawa, pengine kwa kuwa kwenye karatasi wote ni wapole.

Machale yakinicheza, mara nyingi napatia. Nikiulizwa nimejuaje, nakwama. Wenzangu wananiita mganga. Nifanyeje?
*Mganga asiye na tunguri*

Hakuna uganga hapo. Akili hukusanya dalili ndogondogo, ikazilinganisha na ulizowahi kuona, ikakuletea jibu bila kukuonyesha hesabu. Ila machale yaliyopatia hukumbukwa na yaliyokosea husahaulika, kwa hiyo hiyo "mara nyingi" yako bado haijapimwa.

Weka daftari. Yakikucheza, andika tarehe, unachotarajia, dalili mbili au tatu ulizoziona, uhakika wako kati ya 1 na 10, na jambo litakaloonyesha kuwa umekosea. Yakifika 30, hesabu. Huenda ukakuta unapatia kwa watu unaoshinda nao na kukosea kwa wageni, maana machale hulishwa na uzoefu. Pasipo uzoefu hubaki woga au matamanio. Mstari wa dalili ndio wa kuwasomea wenzako. Mstari huo ukiwa mtupu, nyamaza kwanza, ukaulize maswali.

Nimeomba kazi, wanataka matokeo ya dodoso hili. Litawaonyesha kama ninafaa?
*Mwombaji*

La. Herufi zinaonyesha unapenda kuanzia wapi, hazipimi uwezo. INTP anaweza kuwa muuzaji hodari, akarudi nyumbani hoi. Wachapishaji wenyewe wa dodoso hawaruhusu litumike kuchuja waombaji. Watafiti wa saikolojia huegemea zaidi kipimo cha sifa kuu tano, ambacho hutoa alama badala ya makundi, na hupima pia wepesi wa kupata wasiwasi, jambo ambalo herufi hizi nne haziligusi.

Ukilazimika kujaza, jibu kweli. Wakikuuliza kuhusu ukimya wako, waambie unavyofanya kazi: nitumieni ajenda siku moja kabla, nami nitakuja na hoja zimeandikwa.