Yabisi katika mtambo wa shinikizo kubwa: mfululizo au kwa mafungu?

Kuingiza na kutoa yabisi, yaani vitu vigumu kama punje, mfululizo katika mtambo wa shinikizo kubwa kunawezekana, ila si mfululizo kamili. Kioevu husukumwa na pampu hadi ndani ya shinikizo kubwa bila taabu, ilhali punje hukwama kwenye vali, huikwaruza na kuacha upenyo wa gesi kuvuja. Ndiyo maana viwanda vingi vinavyokamua hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) kwa gesi ya kaboni dayoksaidi iliyoshinikizwa hutumia matangi yanayopokezana, moja likipakuliwa huku mengine yakiendelea na kazi.

Mfano ulio karibu zaidi na mfululizo ni mtambo wa kuondoa kafeini kwenye kahawa kwa gesi hiyohiyo, uliojengwa Houston, Marekani, katika miaka ya 1980. Buni mbichi zilizoloweshwa huingia juu ya mnara kupitia chumba kidogo chenye vali juu na chini: vali ya juu hufungwa, chumba hujazwa gesi hadi shinikizo lilingane na la mnara, ndipo ile ya chini hufunguliwa na buni kuanguka zenyewe. Fungu jingine hutolewa chini kwa njia hiyohiyo, na gesi hupanda muda wote bila kusimama. Kwa haki, huo ni nusu mfululizo.

Tahadhari: buni hushuka vizuri kwa kuwa ni kubwa na ngumu, unga laini hushikamana na kuziba njia ya gesi.