Lezeri ya macho na pembezoni mwa retina: maswali yenu

Ni mwalimu huku Kadutu, navaa miwani ya -5. Nasikia lezeri huleta taswira sawasawa katikati ya retina, ule utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea taswira. Pembezoni je?

Mwalimu, wengi huulizia ubao tu, na jicho haliangalii ubao peke yake. Jicho lenye miopia, yaani lisiloona vizuri vya mbali, limerefuka kwenda nyuma, mara nyingi katikati zaidi kuliko kando. Kwa hiyo miwani ya kawaida inapoiweka taswira kwenye kitovu cha retina, miale inayoingia kwa upande huelekea kukutana nyuma yake. Lezeri huichonga konea, kile kioo cha mbele ya mboni, katika duara la upana wa milimita 6 hivi, na kwa kipimo chako huondoa karibu mikroni 60 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kati ya 540 ambazo ndizo unene wa kawaida wa konea. Katikati panakuwa bapa, lakini nje ya duara konea hubaki na mviringo wake wa zamani, basi miale ya upande ikipita huko hupindwa kwa nguvu zaidi na kukutana mbele ya retina. Miopia iliyoondolewa katikati inabaki pembeni. Hutaihisi unaposoma, kwa maana pembeni mwa retina hapasomi herufi ndogo hata kwa mwenye macho mazima: kaza macho kwenye neno moja hapa, kisha ujaribu kusoma lililo mistari mitano chini yake.

Mtoto wangu wa miaka 12 hubadilishiwa miwani kila mwaka. Lezeri haiwezi kulizuia jicho lisirefuke? (Mama wa Bagira)

Hapana, mama. Ni kweli kwamba pembeni mwa retina huchangia kuongoza ukuaji wa jicho, jambo lililoonyeshwa mwaka 2005 kwa nyani wachanga huko Houston, Marekani, na ndiyo maana zipo lenzi za watoto zinazoleta taswira ya pembeni mbele ya retina. Lakini lezeri hungoja kwa kawaida umri wa miaka 18, na kipimo kisichobadilika kwa mwaka mmoja. Ukimchonga mtoto leo, jicho litaendelea kurefuka nyuma ya konea ile ile. Muulize daktari kuhusu lenzi hizo, naye mtoto acheze nje mchana.

Mdogo wangu alifanyiwa lezeri, na usiku huona pete kuzunguka taa za pikipiki.

Gizani mboni hupanuka, na ikivuka ukingo wa duara lililochongwa, mwanga hupita sehemu mbili zenye nguvu tofauti. Mara nyingi hupungua baada ya miezi michache. Kwa sasa asiendeshe usiku.

Nikishaacha miwani, bado nipimwe retina?

Ndiyo, tena kwa matone ya kupanua mboni. Jicho lenye urefu wa milimita 26 hubaki na milimita 26, na retina iliyovutwa ikawa nyembamba kandoni inaweza kuchanika vile vile. Ukiona ghafla vimulimuli, madoa meusi mengi yanayoelea, au kivuli kama pazia kikishuka upande mmoja, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.